Akivunjika, Nani Atamuuguza?

Kuna aina ya makala ambayo kila msomaji wa magazeti ya michezo Tanzania anaifahamu, hata kama hajawahi kuipa jina. Mimi naiita makala ya kipaji. Inaanza na kijana aliyekwisha kufika: amesajiliwa na Simba au Yanga, ameitwa Taifa Stars, au amepanda ndege kwenda kucheza nje. Kisha inarudi nyuma, kijijini au uswahilini, kwenye mpira wa makaratasi na chandimu ya jioni. Hapo ndipo anapotokea mzazi. Mzazi wa makala ya kipaji ana kazi moja tu, kukataza. Anaficha njumu, anachapa, anasema soma kwanza. Aya mbili mbele mtoto ametoroka, amefunga mabao, na mzazi anahojiwa akicheka na kukiri kwamba zamani hakuelewa.

Nimesoma makala hizi tangu nikiwa darasa la tano na bado ninazipenda. Siku hizi ninasoma shahada ya umahiri ya fasihi, na kuna swali tunalofundishwa kuiuliza kila hadithi: mhusika huyu amenyimwa nini ili hadithi iweze kwenda? Mzazi wa makala ya kipaji amenyimwa sababu. Tunaambiwa alikataza. Hatuambiwi aliogopa nini, wala kama alichokiogopa kilikuwepo kweli. Hofu yake inachukuliwa kuwa ushamba ambao mtoto mwenye bidii lazima auruke. Ninachotaka kusema hapa ni kwamba hofu hiyo mara nyingi ni usomaji makini wa uwanja, na kwamba lugha yetu ya mpira imejipanga vizuri mno kutoisikia.

Mfano wangu unatoka Bukiriro, kata ya wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, ambako mama yangu mkubwa analima migomba, maharage na kahawa kidogo. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, nayo ni nchi ya vilima. Uwanja ulionyooka ni mali adimu. Uwanja wa watoto ninaoufahamu mimi una mteremko, na timu inayoshambulia kuelekea bondeni ina faida ya wazi. Nguzo za goli ni miti ya mkaratusi. Likizo moja nilimsindikiza mama mkubwa kwenye kikao cha wazazi wa shule ya msingi. Ajenda zilikuwa chakula cha mchana, maandalizi ya darasa la saba, kisha "mengineyo". Katika mengineyo mwalimu alieleza kuwa watoto wamechaguliwa kushindana katika UMITASHUMTA, ngazi ya kata, na wakifanya vizuri wataendelea hadi wilaya. Wazazi waliombwa kuchangia nauli na kuridhia.

Mengineyo yalichukua muda kuliko ajenda zote. Wengine walitaka watoto waende, wengine walisema mtoto aliyetumwa shule ametumwa kusoma, na mambo yakapanda hadi Kihangaza kikachukua nafasi ya Kiswahili. Katikati ya kelele hizo mama mmoja alisimama, akasubiri watu watulie, akasema kwa Kiswahili cha kikao: "Mwalimu, mimi sikatai mpira. Nauliza tu. Akivunjika, nani atampeleka Murgwanza, na nani atamuuguza?" Murgwanza ni hospitali ambayo kila mtu pale alijua umbali wake na nauli yake. Kuuguza mtoto aliyevunjika mguu ni kuliacha jembe wiki kadhaa, pengine maharage yakiwa yanasubiri palizi.

Swali lile halikujibiwa. Watu walilizunguka. Nilikuwa na daftari mapajani, na nilipolisoma baadaye niliona kwamba wasemaji walikuwa wengi lakini sentensi zilikuwa tatu. Ajali haina kinga. Mpira ni mchezo wa kiume. Mpira ni ajira. Hakuna aliyezitunga pale. Ni sentensi za redioni, za magazetini, za wageni rasmi wanaokabidhi vikombe. Makala ya kipaji inasimama juu yake. Nitazisoma moja moja.

Tuanze na "ajali haina kinga". Mahali pake halali ni msibani. Tunaisema baada ya jambo kutokea, na kazi yake ni kufariji: mama asijilaumu kwamba angemzuia mwanawe asingekufa, dereva asile moyo wake maisha yote. Ni lugha ya huruma na siidharau. Shida inaanza methali inapohamishwa kutoka baada ya tukio ikawekwa kabla yake. Kabla ya tukio haifariji mtu. Inawaondolea wakubwa kazi ya kufikiri. Ajabu ni kwamba lugha ya mpira wenyewe inaipinga. Kifaa anachovaa mchezaji mguuni kinaitwa kikinga ugoko, na Sheria ya 4 ya mchezo inasema ni lazima. Watoto wa Bukiriro wanalijua hilo kuliko watu wazima. Nimewaona wakikata boksi, wakilichomeka ndani ya soksi, kisha wakiingia kucheza na wenzao, baadhi wamevaa njumu na baadhi peku. Mtoto anayetafuta boksi tayari amekubali kwamba ajali ina kinga. Anachokosa ni mtu mzima wa kumuunga mkono.

Mkoa wa Kagera una kumbukumbu yake katika jambo hili. Desemba 2016, katika uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, Ismail Mrisho Khalfan wa Mbao FC alianguka wakati wa mechi ya ligi ya vijana chini ya miaka 20 dhidi ya Mwadui, na akafariki. Alikuwa amefunga bao katika mechi hiyo hiyo. Mimi si daktari na sisemi kwamba kifo chake kingezuilika. Nasema kwamba kuuliza kama vijana wanapimwa moyo kabla ya ligi, na kama pembeni ya uwanja kuna mtu anayejua la kufanya, si kumkosoa Mungu. Marc-Vivien Foé wa Kamerun alipokufa uwanjani mwaka 2003, ulimwengu wa mpira uliuliza maswali hayo kwa sauti, na kuanzia Kombe la Dunia la 2006 FIFA ikaweka utaratibu wa kuwapima wachezaji kabla ya mashindano. Juni 2021 Christian Eriksen wa Denmark alianguka mjini Copenhagen, moyo umesimama, na akarudishwa na watu waliokuwa pembeni ya uwanja wakiwa na mashine na ujuzi. Hakuna anayetegemea mashine ile ifike kwenye mteremko wetu kesho. Lakini kati ya mashine ya Copenhagen na mikono mitupu kuna mambo mengi: mtu mmoja aliyefundishwa huduma ya kwanza, sanduku la dawa, pikipiki iliyokubaliwa mapema, nguzo za goli zilizokaguliwa asubuhi, mechi kusimama radi zinapoanza. Methali ile inaziba nafasi yote hiyo kwa maneno matatu.

Sentensi ya pili, "mpira ni mchezo wa kiume", ilisemwa na baba mmoja na ikapata kicheko kizuri. Inafanya kazi mbili kwa mpigo. Kwanza inageuza maumivu kuwa mtihani: mtoto anayesema goti linauma ameshafeli. Kocha hahitaji kumkemea, wenzake wanatosha. Pili, inaificha tofauti ya miili. Ukisema kiume unawaweka mtoto wa miaka 12 na kijana wa miaka 18 kwenye kapu moja, kana kwamba wanapogongana kinachopimwa ni ushujaa.

Hapa lugha yetu ina maneno mawili ambayo naona hayajasomwa vya kutosha. La kwanza ni mamluki. Katika michezo ya shule mamluki ni mchezaji asiyestahili aliyeingizwa kwa siri, pengine kamaliza shule zamani, pengine anatoka shule nyingine. Neno ni la askari wa kukodiwa, na limechaguliwa vizuri: linakiri kwamba michezo ya watoto imekuwa vita vya heshima ya wakubwa. La pili ni kijeba, mchezaji mwenye umri mkubwa anayecheza na wadogo. Jeba ni mtu mwenye mwili mkubwa. Kile ki- cha mbele kinamkunja aingie kwenye nafasi ya mdogo. Neno zima ni kichekesho, na tunalicheka.

Taifa zima lina historia na vijeba. Serengeti Boys, timu yetu ya vijana chini ya miaka 17, ilifuzu fainali za Afrika za 2005 zilizofanyika Gambia, ikaondolewa kwa udanganyifu wa umri. Mwaka 2017 upepo uligeuka: tulikwenda Gabon baada ya Congo Brazzaville kuondolewa kwa shauri la umri wa mchezaji wao. Tangu 2009 FIFA imekuwa ikitumia picha za MRI za kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la umri huo, ili kuona kama mifupa imekwisha kuungana. Lakini soma jinsi tunavyoandika habari za vijeba na utaona kitu kimoja. Daima ni habari za haki: nani aliibiwa ushindi, nani alinyang'anywa tiketi ya ndege. Ni nadra kuwa habari za usalama: goti la nani lilikutana na ugoko wa nani. Mtoto halisi wa miaka 12, yule aliyesukumwa na mtu aliyeanza kunyoa ndevu, hayumo kwenye habari. Mama wa Bukiriro anayesimama pembeni na kusema "yule si mtoto" anasoma kwa macho kile ambacho wataalamu wanakitafuta kwa mashine, na anakisoma kwa sababu ambayo wataalamu wale hawakutumwa kuitafuta. Yeye haulizi kombe litakwenda wapi.

Sentensi hiyo inawafuta wasichana pia. Kwenye kikao aliyeuliza habari za wasichana alipata kicheko cha pili, kifupi kuliko cha kwanza. Ilikuwa imekwisha kupita Oktoba 2022, pale Serengeti Girls walipocheza Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India, wakaifunga Ufaransa 2–1 na kufika robo fainali.

Sentensi ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwa sababu ina ushahidi. "Mpira ni ajira," alisema mzee mmoja, na kabla hajaketi jina la Mbwana Samatta lilikuwa limetajwa mara mbili. Ni haki yake kutajwa. Kutoka Mbagala alipita African Lyon, Simba na TP Mazembe ya Lubumbashi, akaenda Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa. Machi mwaka huo alifunga bao Wembley dhidi ya Manchester City katika fainali ya Kombe la Ligi. Nilikuwa nimekaa mbele ya televisheni ya kibandani siku hiyo na nilipiga kelele kama wengine.

Lakini tazama kazi anayopewa Samatta katika mabishano ya wazazi. Anakuwa jibu kwa swali ambalo halimhusu. Mama aliuliza kuhusu mtoto atakayevunjika. Akajibiwa kwa mtoto aliyefika. Ndiyo hesabu ya makala ya kipaji: inaanza na aliyefanikiwa, kwa hiyo waliobaki njiani hawawezi kuingia hata mwandishi akitaka. Isitoshe, maisha ya Samatta mwenyewe yanaikana hadithi anayobebeshwa. Baba yake, mzee Ally Samatta, alicheza mpira. Mtoto huyu alitoka katika nyumba iliyoujua uwanja, yenye mzazi aliyejua nini kinaumiza na nini kinapita. Hadithi ya mzazi mshamba aliyeshindwa haimhitaji mtu kama huyo, kwa hiyo inamsahau.

Kama mpira ni ajira, basi tuuzungumze kwa lugha ya ajira. Penye ajira pana mkataba, bima na fidia. Mtu mzima akiumia kazini nchini mwetu kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Katika mpira wenyewe, FIFA inatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Soma umri huo polepole. Makaratasi ya mpira wa kulipwa yanatambua kuwa mtoto wa miaka 12 tayari anaongezeka thamani, na yanajua thamani hiyo ni ya klabu gani. Umri huo huo, Bukiriro, ni darasa la sita. Kwa upande wa gharama hakuna karatasi ya namna hiyo. Toto Afya Kadi ya NHIF, iliyokuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, ilisitisha mwaka 2023 utaratibu wa mzazi kumwandikisha mtoto mmoja mmoja. CHF iliyoboreshwa ilipangwa kuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na kaya zenye watu zaidi ya sita si ngeni kwetu. Swali la mama yule, ukilivua kanga na kulivalisha suti, ni swali la bima ya ajali. Tungelisikia kirahisi kama lingeulizwa na mwanasheria.

Ninajua hatari ya hoja yangu. Inaweza kusomwa kama utetezi wa kukataza, na kukataza tumekwisha kukujaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya UMITASHUMTA na UMISETA ilisimamishwa kwa miaka kadhaa. Watoto hawakuacha kucheza kwa sababu ya waraka. Walicheza barabarani na kwenye viwanja visivyo na mwalimu, mahali ambapo akivunjika hakuna hata wa kuulizwa. Mwalimu wa kikao kile alisema jambo ambalo sikuweza kulipinga: kuna watoto wanaokuja shule Ijumaa kwa sababu Ijumaa kuna mpira. Ukiwaondolea mpira hubaki na watoto salama, unabaki na viti vitupu. Na jina kamili la UMITASHUMTA, Umoja wa Michezo na Taaluma Shule za Msingi Tanzania, linabeba michezo na taaluma pamoja, mambo ambayo wazazi walikuwa wakiyatenganisha kwa ukali.

Nilichokiona ni kwamba pande zote mbili zilitumia methali moja. Waliotaka watoto waende walisema mchelea mwana kulia hulia yeye: ukimlea mtoto kama yai atakuwa mzigo wako uzeeni. Waliokataa walisema hiyo hiyo: ukiogopa kumkatalia leo, utalia naye kesho wodini. Wote walikuwa wanaogopa kilio. Walichotofautiana ni kilio kitatoka wapi, njaa ya baadaye au mfupa wa sasa. Kama mhakiki nasema methali ile ilifanya kazi yake vizuri kuliko sisi waandishi wa magazeti, kwa kuwa iliwapa sababu wote wawili.

Kwingineko hofu ya namna hii imewahi kupata karatasi. Mwaka 2014 nchini Marekani wazazi na wachezaji walifungua kesi dhidi ya FIFA na mashirika ya mpira ya huko wakidai watoto hawalindwi dhidi ya majeraha ya kichwa. Mwaka uliofuata shirikisho la Marekani likakubali kuzuia kupiga mpira kwa kichwa kwa watoto wa miaka 10 na chini yake, na kuweka mipaka kwa wale wa miaka 11 hadi 13. Mwaka 2019 utafiti wa Glasgow ulionyesha kwamba wachezaji wa zamani wa kulipwa wa Scotland walikuwa na uwezekano wa mara tatu na nusu wa kufa kwa magonjwa ya kudhoofika kwa ubongo kuliko watu wengine, na Februari 2020 chama cha mpira cha Uingereza kikaelekeza watoto wa shule za msingi wasifundishwe vichwa mazoezini. Wapo waliosema mchezo umeharibiwa. Huenda nao wana hoja. Kinachonigusa ni sarufi ya jambo lenyewe: mzazi alisema "naogopa", na mtu mwenye kalamu akauliza "unaogopa nini hasa?" Kutoka kwenye jibu ikapatikana kanuni yenye umri na idadi.

Turudi kwenye sentensi ya mama yule, kwa sababu ni bora kuliko zote zilizosemwa siku ile. "Sikatai mpira. Nauliza tu." Inamfungulia mlango mhusika ambaye makala ya kipaji haina nafasi yake: mzazi mwenye masharti. Huyu si adui wa kipaji wala shabiki wake. Anataka mpira pamoja na majina ya watu watakaowajibika. Baadaye niliomba kuuona muhtasari wa kikao. Upande wa mengineyo ulikuwa na mstari mmoja: wazazi wameridhia watoto kwenda michezoni. Sikushangaa. Muhtasari ni fasihi pia, na ulifanya kile tunachokifanya magazetini: uliweka uamuzi ukaacha swali.

Sidai makala ya kipaji zife. Nadai mwandishi anapofika kwenye ile aya ya mzazi asiharakishe. Akae naye. Amuulize: mama, ulipoficha zile njumu ulikuwa umeona nini uwanjani? Alipoumia mara ya kwanza nani alimbeba, na nauli ilitoka wapi? Shamba lililimwa na nani wiki zile? Wale aliocheza nao wako wapi, na nani kati yao anachechemea? Haya yanaweza kuulizwa kwa mzazi wa nyota na kwa mzazi wa mtoto ambaye hakuna gazeti litakalomtafuta, na nadhani mzazi wa pili ana mengi zaidi ya kusema.